Mgongo wa Mlima

Nilipofika msibani kwa Bi Zuhura, kule mtaa wa Pasua, nilikuta vijana wa nyumba wamekaa barazani wanaoneshana picha kwenye simu. Sikuwalaumu. Msiba una saa ndefu, na wenye kulia walikwisha kulia asubuhi. Nilivua viatu, nikajitanda kanga kichwani vizuri, maana mimi ni Mlutheri wa Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lakini adabu za nyumba ile nazijua kuliko za kwangu, nikaingia ndani kuwapa pole wanawake waliokaa mikekani. Niliporudi nje kupunga upepo, Swalehe, mjukuu wa marehemu, akanisogezea simu yake. "Shikamoo, bibi. Hebu cheki hii." Kwenye kioo kulikuwa na kijana amekaa kwenye ukingo wa ghorofa refu la nchi za watu, miguu inaning'inia hewani, na magari chini yake yamekuwa madogo kama punje za mchele. Nikaishika simu imara na kumwuliza, "Unaona nini?" Akasema, "Jamaa hana akili." Nikamwambia, "Sijakuuliza akili zake. Nimekuuliza unaona nini." Alicheka, akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Swali hilo ni la bibi yake, aliniuliza kila siku ya mwaka ule nilipokuwa na umri kama wa Swalehe, na ndilo lililonifanya mpiga picha, kazi niliyoifanya mpaka magoti yakanigomea.

Studio yake ilikuwa Moshi mjini, vyumba viwili na giza la kutosha. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti cha kuzungusha, taa mbili za kumulika, na pazia lililochorwa ngazi za ikulu fulani ambayo hakuna mtu aliyejua iko wapi. Chumba cha nyuma ndicho tulichosafishia picha, na ndimo nilimokaa sana, vidole vikinuka dawa hata nikila chapati. Nje, ukutani, lilikuwepo kabati la kioo lenye picha za maonesho, na chini yake benchi. Benchi lile lilikuwa baraza kamili. Waongoza watalii na wapagazi wakishuka mlimani walikuja pale na picha walizotumiwa na wageni wao kutoka ng'ambo: kuta za barafu, mabonde yaliyojaa mawingu, mtu kasimama juu ya jabali na chini yake hakuna kitu. Bi Zuhura aliwaletea chai ya tangawizi na vitumbua, akaiweka picha katikati, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna ruhusa ya kusema picha ni nzuri kabla hujasema unaona nini. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha, babu zake wakitoka kila upande wa ramani, na watu wazima wenye ndevu walimtii kama watoto wa shule ya Jumapili.

Nakumbuka mabishano yao kuliko ninavyokumbuka mahubiri yote ya ujana wangu. Mpagazi mmoja wa Marangu alileta picha ya mwamba uliosimama wima, watu wamejipanga juu yake kama siafu, akasema, "Naona mahali nilipotapika." Mwenzake akamwambia, "Mwongo wewe, ulitapika chini zaidi, mimi ndiye niliyekushika." "Basi naona mahali nilipotaka kutapika." Bi Zuhura akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni na taulo mkononi. "Na wewe Aika?" Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Nina ugonjwa wa kuogopa urefu, nauita ugonjwa bila aibu, na wakati ule hata picha tu ya mahali pa juu ilinizungusha kichwa. Nikasema, "Naona yule wa tatu kutoka juu haangalii anakokwenda. Anaangalia nyuma. Ameshaona amekosea kuja." Wote wakainama kutazama, na kweli, mtu wa tatu alikuwa amegeuza shingo, uso wake umekauka. Tangu siku hiyo, picha ya urefu ikiletwa, niliitwa kutoka chumba cha giza. "Wewe ndiye unayeiona," Bi Zuhura aliniambia tukifunga mlango. "Hawa wengine wamezoea, macho yao yanateleza." Mpaka leo naamini alisema kweli. Mtu asiyeogopa hatazami vizuri, na nimewaambia hivyo vijana wengi waliokuja kujifunza kwangu, wakanuna.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha, kufagia, na kuwanyoosha wateja kola. Kamera ya nje, ile nzito yenye mfuko wa ngozi ambayo Bi Zuhura aliivaa shingoni kwenda nayo kwenye harusi na mazishi, nilikuwa naifuta vumbi tu. Nyumbani baba alikwisha kunitafutia nafasi kwenye chuo cha ushonaji, na kila nilipopanda Mamba mwisho wa juma nilikuta jambo hilo limewekwa mezani pamoja na kiburu, ndizi zetu na maharage. Mimi sikutaka cherehani. Niliitaka ile kamera, niliitaka kwa uchu kabisa, na sikumficha mtu. Ndipo akaja Mzee Ndesario, mzee wa kanisa wa usharika wetu, kofia mkononi. Tulikuwa tumejenga ukumbi mpya, na wazee walitaka picha kubwa ya mlima, kubwa kama mlango, itundikwe ukutani kabla ya sikukuu ya mavuno. Bi Zuhura akamwuliza, "Mnaishi juu ya mlima, picha yake ya nini?" Mzee akajibu kwa upole, "Tunaishi juu yake ndiyo maana hatuuoni, mama. Migomba imeziba, na mawingu yamemaliza kazi." Bi Zuhura akanyoosha kidole kwangu. "Atapiga huyu. Ni binti yenu." Mzee aliniangalia kama mtu aliyeuziwa ndama wakati alitaka maziwa, lakini hakukataa.

Alipoondoka, Bi Zuhura alinikalisha kwenye kile kiti cha kuzungusha. "Sikiliza. Wakiitundika, kamera ya nje ni yako, na mimi nitakaa hapa nipige za pasipoti mpaka nizeeke. Wakiirudisha, nenda kashone, na nitakuwa mteja wako wa kwanza." Nikamwambia, "Utakosa nguo." Akacheka mpaka kiti kikazunguka.

Lakini mlima nao ulikuwa na akili zake. Wiki zikapita umejifunika. Nilipanda Mamba alfajiri, nikashuka jioni, na nilichopiga ni migomba na ukungu. Nilijaribu kutoka bondeni, kule Chekereni kwenye majaruba ya mpunga, nikapata kichwa cha Kibo peke yake, kidogo kama kofia iliyosahaulika juu ya kabati. Sikukuu ilikaribia. Mzee Ndesario alituma salamu, kisha akatuma salamu nyingine fupi zaidi. Ndipo binamu yake Bi Zuhura, aliyekuwa na duka la vitenge Tarakea, alipopita studio na kusema kwamba upande wao, huko Rombo, mlima uko wazi kila asubuhi mpaka unachosha. Bi Zuhura hakusubiri amalize chai. Kesho yake tulikuwa Rombo, mimi na yeye na kamera, tukalala kwa binamu kwenye chumba kilichojaa majora ya vitambaa hadi darini. Tulikula ndizi na nyama kutoka sinia moja, na nilisikia wakinisema kupitia ukuta wa mbao nikiwa nimejilaza. Binamu aliuliza, "Huyu mtoto wa Kichagga ataweza?" Bi Zuhura akajibu, "Hawezi kusimama juu ya stuli bila kushika ukuta. Lakini ataweza." Nililala usingizi mzuri sana baada ya kusikia hayo.

Asubuhi tukashuka Usseri kutafuta mahali pazuri, na tukakuta jambo lile lile la kwetu, migomba na miti imeziba kila kitu. Pua ilikuwa inagusa mlima na macho hayauoni. Kitu pekee kilichopita vichwa vya miti kilikuwa mnara wa kengele wa kanisa la Wakatoliki. Mpiga kengele, mwanamume mkavu mwenye makubazi, alitusikiliza, akatufungulia mlango mdogo, akatuonesha ngazi ya chuma iliyopanda moja kwa moja gizani. Bi Zuhura aliipima ngazi kwa macho, akajipima na yeye. "Hii hainibebi," akasema. Akaivua kamera, akanivalisha, akaufupisha mkanda ili isinigonge tumboni. "Naogopa, Bi Zuhura," nikamwambia. "Najua. Ogopa huku unapanda. Usitazame chini mpaka ufike, na ukifika tazama kila kitu." Kisha akasimama chini ya ngazi, mikono ameinyanyua kana kwamba angeweza kunidaka, akaanza kusoma dua. Kwa hiyo picha yangu ya kwanza ya maana niliipandia mimi Mlutheri, ndani ya mnara wa Wakatoliki, kwa dua ya Mwislamu. Nimewasimulia wachungaji wawili habari hii na hakuna hata mmoja aliyeona kosa.

Juu kulikuwa na sakafu ya mbao isiyonifurahisha, kengele yenye baridi, na madirisha manne yasiyo na vioo. Nilitambaa kwa magoti hadi dirisha la magharibi, nikaukumbatia ukuta kwa mkono mmoja, nikainua uso. Nitasema nilichoona, kama nilivyofundishwa. Niliona Mawenzi imesimama mbele yangu, kubwa, meno yake yamechongoka, jua la asubuhi limeingia katika kila mwanya. Niliona Kibo nyuma yake, upande wa kulia, imetulia na theluji yake. Niliona moshi wa majiko ukipenya juu ya migomba, na paa za bati, na mwanamke mmoja anakata majani ya ng'ombe mbali kabisa chini, mdogo kama kucha. Dunia ikazunguka, nikafumba macho, nikafumbua tena. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, haki ya Mungu, ni kwamba mlima umekosea. Kwetu Mamba, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia, Kibo mbele kwa hadhi na Mawenzi pembeni kama mdogo wake. Hivyo ndivyo nilivyouchora shuleni, hivyo ndivyo kila mtoto wa Mamba anavyouchora. Huu ulikuwa umebadilishana nafasi, tena mdogo mtu ndiye amejitanguliza. Nilipiga kelele chini, "Bi Zuhura, umegeuka!" Naye akanijibu kutoka shimoni, "Nini kimegeuka?" "Mlima!" Nikasikia kicheko chake kikipanda na ngazi. "Nyie watu, kila mmoja ana mlima wake! Ni mzuri?" Nikatazama tena. Ulikuwa mzuri mpaka unauma. "Basi piga," akasema.

Nilipiga mkanda mzima wa filamu. Katika chumba cha giza, picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, Mawenzi kwanza, jino baada ya jino, Bi Zuhura alisahau hata kuniuliza naona nini, na kwa yule mama hiyo ilikuwa sifa kubwa. Leo watoto wananionesha picha zilizopigwa na vidude vinavyoruka, vimezunguka Kibo yote kama inzi, na wanaiona kila pembe kabla hawajamaliza uji. Nazitazama na nazipenda, mimi si mzee wa kulalamika. Lakini wakati ule kulikuwa na watu waliozaliwa, wakaoa na wakazeeka wakijua uso mmoja tu wa mlima, na waliamini huo ndio uso wenyewe. Nilijua hilo vizuri kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Nilimwambia Bi Zuhura, "Wataikataa." Akaniuliza kama ningependa tuseme muda hautoshi, tuwaombe wasubiri. Nikasema hapana. Picha nilikuwa naijua ni nzuri, na kama ni ya kunipeleka kwenye cherehani, basi initume baada ya kuwekwa machoni pa watu.

Tulifika ukumbini Mamba siku moja kabla ya mavuno. Wanawake walikuwa wanapika nyuma, harufu ya ndizi na mafuta imejaa mpaka ndani, na watu walikuwa wanapanga viti. Tuliiegemeza picha ukutani, Bi Zuhura akaondoa shuka. Wazee wa kanisa walisogea, mikono nyuma. Walitazama muda mrefu. Mzee Ndesario ndiye aliyezungumza. "Binti, hii filamu umeigeuza." Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Sikuigeuza. Nimepiga kutoka Usseri." Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayemsikitikia mwanafunzi. "Kibo iko kulia. Mtoto wa Mamba, uliyezaliwa hapo juu tu, unatuletea Kibo kulia?" Mwingine akasema huenda mashine ya mjini ndiyo iliyokosea. Nilieleza. Nilionesha kwa mikono, hapa Mamba, hapa Rombo, mlima katikati. Wakanielewa, niliona wamenielewa. Lakini kuelewa hakukusaidia. Mzee Ndesario akasema, "Sawa, hukuigeuza. Basi huu ni mgongo wa mlima. Nani anatundika sebuleni picha ya mgongo wa baba yake?" Wazee wakacheka, si kwa ubaya. Akamgeukia Bi Zuhura kwa heshima zote. "Mama, tunashukuru kwa jasho lenu. Mtuletee tu picha ya mlima wetu, hata baada ya sikukuu." Nikamwangalia Bi Zuhura. Hakunitetea. Alikuwa amevaa kamera shingoni na ananitazama mimi, anasubiri nione mwenyewe kilichotokea. Nikaanza kuiokota shuka sakafuni. Nilikwisha kusikia cherehani ikinguruma.

Ndipo nikaona watu wanapisha. Mama Eliamani, mkewe Mzee Ndesario, alikuwa ameingia na sufuria ya kiburu, amesimama nayo katikati ya ukumbi. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, mtu ambaye katika maisha yangu yote kanisani nilikuwa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Aliiweka sufuria sakafuni, pale pale, watu wanapopita. "Nani amekwenda kwetu?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akasogea mpaka karibu na picha, pua ikakaribia kuigusa. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Ukitoka jikoni kwa mama, Mawenzi iko hapa. Ukienda kisimani iko hapa. Nilidhani nimesahau." Mzee Ndesario akaita kwa sauti ya chini, "Mama Eliamani." Hakugeuka. "Tangu nije hapa nikiwa bibi harusi mnaniambia huo wenu ndio uso, na wa kwetu ni mgongo. Nikazaa hapa, nikazika hapa, nikauchora mlima wenu kwa watoto, Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Sikuwahi kubisha. Nilifikiri labda mimi ndiye niliyeuona vibaya utotoni." Hakulia. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza kiasi cha chumvi. Kutoka mlango wa jikoni sauti ya mwanamke mwingine ikasema, "Sisi Machame hata Mawenzi yenyewe hatuioni," na mwingine akasema kwao Kibosho vilevile, na nikatambua, na nadhani kila mwanamume aliyekuwa mle alitambua wakati huo huo, kwamba karibu kila mwanamke aliyekuwa anapika kule nyuma alikuwa ametoka upande mwingine wa mlima.

Mzee Ndesario alimtazama mkewe, kisha picha. Nilimwogopa, kisha nikamwonea huruma, maana alikuwa mtu mwema na alionekana amezeeka ghafla. Alitoka kwenye kundi la wazee, akaenda kusimama karibu na mke wake. Akainama mbele ya picha. Akauliza, kwa upole kabisa, swali ambalo nadhani hakuwahi kumwuliza katika ndoa yao yote: "Kwenu ni wapi hapo?" Mama Eliamani akanyoosha kidole kilichojaa mafuta ya kupikia na kukibandika kwenye picha, chini kidogo ya Mawenzi, kati ya moshi na migomba. "Hapa." Mzee akasogeza uso. "Na kisima?" "Hapa." Alama mbili za mafuta zikabaki kwenye karatasi. Nilishtuka, nikachukua kitambaa, lakini Bi Zuhura akanishika mkono. "Iache." Nikasikia kitu kizito kikishuka shingoni kwangu. Alikuwa amenivika kamera bila kusubiri picha itundikwe, na mkanda ulikuwa bado mfupi kwa kipimo changu. Mzee Ndesario alikuwa bado ameinama, anafuata kidole cha mkewe kutoka nyumba hadi nyumba, anauliza nani aliishi hapa na nani aliishi pale, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba kiburu kinapoa. Nilirudi nyuma hatua chache mpaka wote wawili wakaenea kwenye kioo cha kamera, nikapiga.